Konokono Mgeni Mwenye Jina la Mwenyeji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Vinasaba vya Konokono Vamizi

Maswali haya nimeyapokea kwa nyakati mbalimbali, mengine kutoka kwa wavuvi na wachuuzi wa dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi, mengine kutoka kwa walimu na wanafunzi wa sekondari wa Kigoma na Ujiji, na machache kutoka kwa wakulima wa mpunga wa upande wa Tabora. Nimeyapanga ili msomaji ambaye hajawahi kusoma habari za vinasaba, yaani maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya kila kiumbe, aweze kufuata tangu mwanzo hadi kwenye swali ninaloliona kuwa zito kuliko yote, yaani lile linalouliza kuna faida gani ya kumzuia mgeni ambaye wenzake wamekwisha kuingia.

Konokono vamizi ni konokono wa namna gani?

Ni konokono aliyefikishwa na shughuli za binadamu mahali ambapo hakuwapo kwa asili, akaweza kuishi, kuzaliana na kusambaa bila kusaidiwa na mtu, na hatimaye akawaathiri viumbe wenyeji au maisha ya watu. Si kila mgeni huwa mvamizi. Wageni wengi hufa baada ya muda mfupi, kwa sababu maji ni ya baridi mno au ya chumvi mno kwao, au kwa sababu huliwa kabla hawajaongezeka. Wachache wanaovuka hatua hizo zote ndio wanaotuhusu hapa.

Ni spishi ipi inayozungumziwa zaidi katika majibu haya?

Ni konokono mdogo wa maji baridi ambaye wanasayansi humwita Melanoides tuberculata. Gamba lake ni jembamba na refu kama ncha ya pembe, lina mizunguko mingi, na kwa kawaida urefu wake hufikia sentimita tatu hivi. Mchana hupenda kujifukia katika mchanga au tope na usiku hutoka kula mwani na mabaki ya mimea. Ana kifuniko kigumu ambacho hukivuta na kujifungia ndani maji yanapopungua, na kwa sababu hiyo huweza kustahimili ukame wa muda na safari ambazo konokono wengine wasingezimaliza wakiwa hai.

Jina lake la kisayansi lilitokana na maelezo ya O. F. Müller ya mwaka 1774, kutokana na magamba yaliyotoka pwani ya Coromandel nchini India. Leo anapatikana karibu katika nchi zote za joto duniani, na pengine hata katika chemchemi za maji moto za nchi za baridi. Biashara ya samaki wa mapambo imechangia sana kumsambaza, kwa kuwa husafiri akiwa amejificha katika mizizi ya mimea ya majini inayouzwa pamoja na samaki hao.

Spishi hii inatajwa kuwa ya Afrika pia. Inawezekanaje basi aitwe mvamizi barani Afrika?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe, na naomba msomaji avumilie jibu refu kidogo.

Eneo la asili la Melanoides tuberculata huelezwa kuwa linaanzia Afrika, linapita Mashariki ya Kati na kufika Asia ya Kusini na ya Kusini-Mashariki. Kwa hiyo mtu akiokota gamba lake katika ziwa la Afrika anaweza kusema, bila kukosea, kwamba spishi hiyo ni ya hapa. Lakini ndani ya jina hilo moja zimo koo nyingi zilizotengana kwa muda mrefu sana. Ukoo wa Afrika na ukoo wa Asia hufanana kwa gamba, ilhali vinasaba vyao vinaonyesha historia mbili tofauti. Ukoo wa Asia unapoingia katika ziwa la Afrika, orodha ya spishi za ziwa hilo haibadiliki hata kidogo. Jina ni lile lile lililokuwapo. Mgeni amepita mlangoni akiwa na jina la mwenyeji.

Hayo yalitokea katika Ziwa Nyasa. Mwaka 2004 Martin Genner na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha, kwa kulinganisha DNA, yaani kemikali inayobeba vinasaba, kwamba aina ya Melanoides iliyokuwa imeenea katika ziwa hilo ilitoka Asia, ingawa ilikuwa ikiishi pamoja na Melanoides wenyeji na kuchanganywa nao kwa sababu ya kufanana. Waliuita uvamizi huo uvamizi uliojificha. Utafiti wa miaka iliyofuata ulionyesha kwamba koo za Asia zimeingia katika maji ya Afrika zaidi ya mara moja. Ziwa Nyasa ni jirani yetu wa karibu, ni ziwa la kale la Bonde la Ufa kama hili letu la Tanganyika, nalo lina konokono na samaki wasiopatikana kwingine. Sioni sababu yoyote ya sisi wa Kigoma kulisoma tukio hilo kama habari ya mbali.

Tofauti za kijenetiki ni kitu gani, kwa lugha ya kawaida?

Kila kiumbe hubeba ndani ya seli zake maelekezo ya namna ya kujenga na kuendesha mwili wake. Maelekezo hayo yameandikwa katika DNA kwa herufi nne za kikemia zinazofuatana kwa mamilioni. Tukichukua konokono mia moja wa bwawa moja na kusoma sehemu ile ile ya maelekezo katika kila mmoja wao, tunaweza kukuta wote wana mfuatano mmoja, au tukakuta mifuatano kumi yenye tofauti ndogo ndogo. Wingi huo wa tofauti ndani ya kundi la spishi moja ndio tunaouita tofauti za kijenetiki, yaani tofauti za vinasaba.

Mkulima wa mkoa huu ana mfano wake nyumbani. Muhogo hupandwa kwa vipande vya shina, na kila mche unaotokana na shina moja ni nakala ya mama yake. Shamba lililopandwa mbegu ya aina moja linaweza kuwa kubwa na la kupendeza, lakini ugonjwa wa batobato ukilipata, shamba zima huugua kwa pamoja. Jirani aliyechanganya aina tano hupoteza baadhi na kubaki na nyingine. Wingi wa miche ni jambo moja, na utofauti wa miche ni jambo jingine. Msomaji akilishika hilo, sehemu kubwa ya yanayofuata haitamsumbua.

Je, ni kweli kwamba jike huzaa bila dume?

Ni kweli. Katika Melanoides tuberculata majike wengi huzaa bila kuhitaji mbegu ya dume, na watoto wao huwa majike wanaofanana na mama kijenetiki. Madume wapo, ila ni wachache, na katika makundi mengine hawaonekani kabisa. Tena jike hatagi mayai na kuyaacha majini. Huwalea watoto ndani ya mfuko ulio nyuma ya kichwa chake mpaka wawe na magamba madogo, kisha huwatoa wakiwa tayari kujitegemea. Jike mmoja anaweza kubeba makumi ya watoto wa ukubwa mbalimbali kwa wakati mmoja.

Maana yake kwa ziwa ni rahisi kuieleza, ingawa si rahisi kuikubali. Spishi inayohitaji dume na jike hulazimika kuingiza wageni kadhaa ambao watakutana na kupatana. Huyu anahitaji mmoja tu. Konokono mmoja aliyenasa katika tope la nanga, au katika wavu ambao haukukaushwa, anatosha kuanzisha kundi ambalo baadaye linaweza kufikia maelfu katika mita moja ya mraba.

Kundi lililoanzishwa na jike mmoja halina tofauti za kijenetiki. Kwa nini basi halidhoofiki na kutoweka?

Swali hili limewashughulisha wanabiolojia kwa miongo mingi, kwa sababu nadharia iliwaambia kwamba wageni wachache wanaopita mlango mwembamba wa safari huacha nyuma sehemu kubwa ya utofauti wa kundi lao la asili, na kundi lisilo na utofauti halina akiba ya kukabiliana na maradhi au mabadiliko ya mazingira. Hata hivyo wavamizi wengi hustawi. Ni kitendawili chenye majibu zaidi ya moja.

Jibu la kwanza ni kwamba baadhi ya nakala ni hodari tangu mwanzo. Konokono mdogo wa New Zealand, Potamopyrgus antipodarum, aligunduliwa mwaka 1987 katika mto Snake, jimbo la Idaho nchini Marekani, na akaenea katika mito ya magharibi ya nchi hiyo kwa kiasi kikubwa kupitia kloni moja tu, yaani ukoo mmoja wa nakala zilizotokana na mama mmoja. Kwao New Zealand spishi hiyo ina kloni nyingi na pia ina makundi yanayozaa kwa dume na jike. Huko ugenini, kloni moja yenye uwezo wa kuvumilia mazingira ya namna nyingi ilitosha.

Jibu la pili ndilo lililobadilisha mawazo yangu binafsi kuhusu suala hili, nalo linatoka kisiwa cha Martinique katika bahari ya Karibi. Benoit Facon na wenzake waliwachunguza Melanoides tuberculata wa kisiwa hicho, na mwaka 2008 wakaeleza kwamba kundi vamizi lilikuwa na utofauti mkubwa wa kijenetiki katika namna ya kukua na kuzaa, tofauti na ilivyotarajiwa na nadharia ya mlango mwembamba. Sababu ilikuwa kwamba wageni hawakuingia mara moja. Kloni mbalimbali kutoka sehemu mbalimbali za eneo la asili zilifika kisiwani kwa nyakati tofauti, zikajikuta katika mito ile ile. Mbali kule zilikotoka zisingekutana kamwe. Kisha, kwa kuwa madume hawajatoweka kabisa katika spishi hii, zikatokea mara chache ambapo kloni mbili zilizaliana kwa dume na jike na kupata watoto wa aina mpya, ambao nao waliendelea kujinakili bila dume.

Watu wa Kigoma wanaolima michikichi hawatashangazwa na nguvu ya kuzalisha aina mpya kwa kuchanganya mbegu. Mche wa tenera, ambao kituo cha Kihinga cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) huwapatia wakulima, hupatikana kwa kumchanganya dura, ambaye kokwa yake ina ganda nene, na pisifera, ambaye kokwa yake karibu haina ganda. Tenera ana ganda jembamba na nyama nyingi, hivyo hutoa mafuta mengi kuliko dura. Kilichotumiwa kituoni kwa makusudi na kwa manufaa ya mkulima, konokono wa Martinique walikipata kwa sababu binadamu waliwakutanisha bila kujua.

Wanapotofautiana kijenetiki, hutofautiana katika nini hasa?

Katika mambo mengi yasiyoonekana kwa kutazama mara moja. Kloni moja inaweza kuzaa watoto wengi wadogo, na nyingine ikazaa wachache walio wakubwa na wenye nafasi nzuri zaidi ya kuishi. Moja huanza kuzaa mapema na nyingine huchelewa lakini hukua zaidi. Hata idadi ya seti za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba DNA ndani ya seli, hutofautiana, kwani wapo wenye seti mbili na wapo wenye zaidi. Ukiziweka kloni hizo katika ziwa moja lenye mchanga, miamba, vinamasi vya matete na midomo ya mito, kila moja inaweza kupata mahali panapoifaa kuliko mwenzake.

Ikiwa mgeni amekwisha kuingia ziwani, kuna haja gani ya kuzuia wengine wa spishi ile ile?

Hili ndilo swali nililolitaja mwanzoni. Mara nyingi huulizwa kwa kukata tamaa, na nakiri kwamba zamani nami nililijibu vibaya. Nilikuwa nikisema kwamba baada ya kuingia, kazi iliyobaki ni kuzoea.

Kundi lenye kloni moja lina mipaka yake. Kama kloni hiyo haipendi miamba, miamba imepona. Kama inashindwa katika maji yenye kina, kina kimepona. Kama kuna mdudu wa vimelea anayeijua vema, anaweza kuipunguza yote. Kuingia kwa kloni ya pili kunaondoa sehemu ya mipaka hiyo, na kama zikizaliana hata mara moja moja, mchanganyiko unaozaliwa unaweza kuwa na uwezo ambao hakuna mzazi aliyekuwa nao. Kwa hiyo mgeni wa pili haongezi idadi tu, anaongeza namna za kuvamia. Idadi ya konokono ziwani inaweza kubaki ile ile mwaka wa kuingia kwake na bado hatari ikawa imeongezeka mara kadhaa, bila mtu yeyote aliyesimama ufukweni kuona badiliko.

Ndiyo maana sikubaliani na utaratibu wa kuandika jina la spishi katika orodha ya walioingia na kufunga jalada. Katika suala hili jina la spishi ni kipimo kibovu. Kinachopaswa kuhesabiwa ni koo zilizoingia na mara zilizoingia, na kila mlango ambao ungali wazi unapaswa kufungwa hata kama umekwisha kupitisha mgeni.

Je, siwezi kumtambua mgeni kwa kuangalia gamba?

Kwa mazoea unaweza kutofautisha baadhi. Huko Martinique watafiti waligundua kwamba rangi na michoro ya gamba huambatana kwa kiasi kikubwa na kloni, hivyo jicho lililozoezwa lilisaidia. Hata hivyo gamba hubadilika pia kutokana na mazingira. Konokono wa kloni moja wanaokulia katika maji yenye chokaa nyingi na wale wanaokulia katika maji yenye chokaa kidogo wanaweza kuwa na magamba yasiyofanana, na mzee ambaye ncha ya gamba lake imelika huonekana kama spishi nyingine kabisa. Katika maziwa ya Afrika, ambako mwenyeji na mgeni hufanana, jicho hukosea pande zote mbili: humwona mgeni kuwa mwenyeji, na pengine humwua mwenyeji kwa kumdhania mgeni. Kosa la pili lisichukuliwe kuwa dogo.

Vipimo vya DNA vya konokono hufanywaje?

Hukatwa kipande kidogo cha nyama ya mguu, DNA ikatengwa na sehemu nyingine za seli, kisha sehemu iliyochaguliwa hunakiliwa mara nyingi kwa mashine na herufi zake husomwa. Sehemu inayotumiwa zaidi kwa wanyama ni kipande chenye herufi takriban 650 cha jeni moja (sehemu moja ya maelekezo) ya mitokondria, vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati na vyenye DNA yao wenyewe. Mitokondria hurithiwa kutoka kwa mama, hivyo kipande hicho huonyesha vizuri ukoo wa kike ulikotoka. Mfuatano unaopatikana hulinganishwa na mifuatano ya konokono wa sehemu nyingine za dunia iliyohifadhiwa katika hazina za data zilizo wazi kwa wote.

Kipande hicho pekee hakitoshi pale ambapo kloni mbili zimezaliana, kwa sababu mtoto huonyesha mitokondria ya mama tu na upande wa baba hufichika. Hapo hutumika alama za DNA ya kiini cha seli, hasa vipande vifupi vinavyojirudia rudia ambavyo urefu wake hutofautiana kati ya koo na koo.

Ute wa konokono huharibu kazi hii kuliko watu wengi wanavyodhani, kwa sababu hujishikiza kwenye DNA na kuizuia isinakiliwe. Uhifadhi nao una sheria yake: sampuli iwekwe katika ethanoli (aina ya alkoholi) yenye nguvu, ya asilimia 95 hivi, wala isiwekwe katika formalini, ambayo hulihifadhi umbo vizuri lakini huiharibu DNA. Niliwahi kupokea kopo zima la konokono waliokusanywa kwa jasho la siku nzima, wote wakiwa katika formalini, na hatukuweza kusoma hata mmoja. Aliyewakusanya hakuwa ameambiwa, na kosa hilo ni letu tuliomtuma.

Je, samakigamba wote vamizi huwa na historia ya namna hii?

Hapana. Kome wa milia, Dreissena polymorpha, aliyeonekana mwaka 1988 katika ziwa St. Clair kati ya Marekani na Kanada, huzaa kwa dume na jike, na jike mmoja hutoa mayai yanayoweza kufikia milioni moja kwa mwaka. Alivuka bahari akiwa katika hali ya kiluwiluwi ndani ya maji yanayobebwa na meli kwa ajili ya kusawazisha uzito. Wageni waliomwagwa walikuwa wengi mno, hivyo utofauti wao haukupungua sana walipohamia.

Kombe wa jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Corbicula wana historia ya ajabu zaidi. Koo zilizovamia Ulaya na Amerika huzaa kwa njia ambayo yai hupokea mbegu, kisha DNA ya kiini cha yai hutolewa nje na mtoto hujengwa kwa DNA ya upande wa mbegu peke yake. Mtoto huwa nakala ya baba. Kwa kuwa wanyama hao wana jinsia zote mbili katika mwili mmoja, mmoja anaweza kujirutubisha na kuanzisha kundi. Ziwa letu lina Corbicula wake wa asili, na kwa hiyo tatizo la mgeni kufanana na mwenyeji linaweza kujirudia kwa kombe kama lilivyo kwa konokono.

Ziwa Tanganyika lina nini cha kupoteza?

Lina kitu kisichoweza kuletwa tena kutoka popote. Ziwa hili lina umri wa mamilioni ya miaka, kina chake kinafikia meta 1,470 hivi, na katika muda huo wote konokono wake wamekua kwa njia yao wenyewe. Mpelelezi Mwingereza Speke alipofika Ujiji pamoja na mwenzake Burton mwaka 1858 alikusanya magamba ambayo yaliwashangaza wataalamu wa Uingereza kwa sababu yalifanana na ya baharini, na kwa miaka mingi baadhi yao waliamini kwamba ziwa liliwahi kuungana na bahari. Haikuwa hivyo. Magamba yale mazito yenye miiba na matuta yaliumbika humu humu ziwani, na utafiti umeyahusisha na kaa wa humu wenye magando ya kuvunjia konokono: kaa walivyopata nguvu, ndivyo magamba yalivyozidi kuwa manene.

Wapo Lavigeria wa kwenye mawe ya ufukweni, Spekia aliyepewa jina la huyo Speke, Tiphobia wa kwenye tope la kina mwenye miiba mirefu, na Neothauma ambaye magamba yake matupu hutanda chini ya maji na kuwa nyumba za samaki wadogo wanaotaga na kulea humo. Mtu akitoa Neothauma katika hesabu, anaondoa pia makazi ya samaki hao. Mvamizi anayejifukia kwa maelfu katika mchanga ule ule na kula chakula kile kile hahitaji kumwua mwenyeji kwa meno. Kumtangulia mezani kunatosha.

Mgeni anaweza kuzaliana na Lavigeria wetu?

Hapana. Ingawa wote ni konokono wanaozaa watoto walio hai, Melanoides na Lavigeria ni wa familia mbili tofauti. Wasiwasi wa kuchanganyika unawahusu Melanoides kwa Melanoides.

Nimesikia kwamba konokono huyu hupunguza kichocho. Kwa nini tusimwache, au hata tusimlete?

Habari hiyo ina chanzo cha kweli. Katika visiwa vya Karibi, vikiwemo Martinique na Saint Lucia, Melanoides tuberculata alionekana kuwashinda konokono wa jenasi ya Biomphalaria wanaobeba vimelea vya kichocho cha tumbo, na alitumiwa kwa makusudi kwa kazi hiyo. Naelewa kwa nini wazo hili linawavutia watu wa ziwa hili, ambako kichocho ni ugonjwa halisi unaowapata watoto wanaooga na akina mama wanaofua na kuosha vyombo ufukweni.

Hata hivyo sishauri, na nasema hivyo kwa msimamo kamili. Katika maji mengi ya Afrika Melanoides na Biomphalaria huishi pamoja, na kichocho kipo pale pale. Melanoides mwenyewe hubeba vimelea vya minyoo bapa wa aina nyingine, wakiwemo wanaopitia kwa samaki kabla ya kumfikia mlaji. Zaidi ya hayo, kumleta kwa makusudi ni kuongeza kloni kwa mkono wetu, yaani kulifanya kosa lile lile lililoelezwa juu. Kichocho kina dawa inayojulikana, prazikwanteli, na kina kinga inayojulikana, ambayo ni vyoo na maji safi.

Wakulima wa mpunga wana lolote la kuhofia?

Wanalo, ingawa kwao jina ni jingine. Mwaka 2020 konokono mkubwa wa Amerika ya Kusini, Pomacea canaliculata, alithibitishwa katika mashamba ya mpunga ya Mwea nchini Kenya, na uthibitisho huo ulitumia DNA pamoja na umbo, kwa kuwa spishi za jenasi hiyo hukanganya. Huyu hula miche michanga ya mpunga. Ishara yake ni mashada ya mayai ya rangi ya waridi yaliyobandikwa juu ya maji, kwenye mashina na kingo za majaruba. Mkulima wa bonde la Luiche au wa Igunga akiona mashada ya namna hiyo asiyapuuze hata siku moja, na asipokee miche iliyong'olewa kwenye majaruba ya mbali bila kuosha mizizi yake.

Wageni hawa huingiaje katika ziwa la mbali na bahari kama hili?

Umbali wa bahari haujawahi kulilinda ziwa. Ziwa hili linagusa nchi nne, Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia, na boti hupita kila siku kati ya bandari zake. Konokono husafiri katika tope la nanga, katika maji yaliyotuama ndani ya mtumbwi, katika nyavu zinazohamishwa zikiwa mbichi kutoka bwawa hadi ziwa, katika vifaranga wa samaki wa kufugwa, na katika mimea ya mapambo. Kigoma pia husafirisha samaki wa mapambo nje ya nchi, na matangi yanayotumika katika kazi hiyo hayapaswi kamwe kupokea mimea kutoka nje na kisha kumwagwa ziwani.

Mwaka 2003 nchi zote nne zilitia saini Mkataba wa Usimamizi Endelevu wa Ziwa Tanganyika, na chombo kilichoundwa kuusimamia kina makao yake Bujumbura. Ushirikiano huo ni wa lazima, kwa sababu kloni iliyoingilia bandari ya Mpulungu nchini Zambia au ya Kalemie nchini Kongo haitauliza mpaka uko wapi.

Nikimwona konokono ninayemshuku, nifanye nini?

Usimrushe tena majini, na usiwaue wote unaowaona, kwa sababu huenda ni wenyeji. Chukua kama kumi wa ukubwa mbalimbali. Andika mahali, tarehe, kina cha maji na kama ulimtoa kwenye mchanga, tope au jiwe. Ukiweza kupata ethanoli, waweke humo kabla hawajaoza. Usipoipata, wafikishe wakiwa hai katika chombo kilichofungwa chenye kitambaa chenye unyevu, siku hiyo hiyo. Piga picha ya gamba likiwa kando ya sarafu ili ukubwa uonekane. Kisha wapeleke kwa ofisa uvuvi wa eneo lako au kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) kilichopo Kigoma, ukisisitiza kwamba unaomba wahifadhiwe kwa ajili ya kipimo cha DNA, ili wasije wakaishia katika formalini.

Kwa vyombo vyako mwenyewe, osha nanga na ndani ya mtumbwi ukiwa bado mahali ulipovulia, na uanike nyavu juani mpaka zikauke kabisa kabla ya kuzipeleka kwenye maji mengine. Siku moja ya jua haitoshi kwa konokono mwenye kifuniko, hasa kama wavu umekunjwa. Utandaze, uugeuze, na ukung'ute tope lote.